Jinsi ya kumsikiliza mpiga fidla katika konseto

Aliyekulia taarabu hapa Mombasa tayari ana sikio la kazi hii. Wimbo ni ule ule, lakini akiuimba fulani unakugusa hapa, akiuimba mwingine unakugusa kwengine. Konseto ya fidla, yaani muziki wa fidla moja kuu pamoja na okestra, ndivyo ilivyo. Noti zimeandikwa, namna ya kuzitamka ni ya mpigaji.

Anza na ya mtunzi Beethoven ya 1806. Tafuta rekodi mbili za wapiga fidla wawili: ya Jascha Heifetz na okestra ya Boston (1955), na ya Anne-Sophie Mutter na kiongozi wa okestra Herbert von Karajan (1979). Spika ya simu haitoshi, humeza sauti nyembamba. Mimi hapa Kibokoni husubiri tuktuk zipungue usiku, nikazima pangaboi na kuvaa spika za masikioni.

Mapigo matano ya ngoma ndiyo mwanzo, kisha okestra hupiga kama dakika tatu bila ya fidla kuu. Usiziruke! Ndipo tuni zote zinapotajwa, na usipozijua hutatambua mpigaji amezifanyia nini.

Fidla huingia ikipanda kwa oktava, noti ya chini na ya juu yake, hadi kileleni. Hapo simamisha, rudia, kisha weka rekodi ya pili mahali hapo hapo. Heifetz hupanda kwa haraka, kila noti ina makali. Mutter hana pupa. Huiacha noti ya juu ipumue kabla ya kushuka. Sikiliza na mtikisiko wa kidole juu ya uzi: ni wa kasi au mpana? Unaanza noti inapoguswa, au baadaye? Mimi kwenye sehemu ya pili, ile ya polepole, namchagua Mutter bila kusita.

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza okestra hunyamaza, fidla ikabaki peke yake. Hiyo ni kadenza. Beethoven hakuwaandikia wapiga fidla kadenza, kwa hivyo kila mmoja huchagua yake. Mutter hupiga ya mpiga fidla Fritz Kreisler: tega sikio pale tuni mbili zinaposikika kwa pamoja kwenye fidla moja. Mpiga fidla Gidon Kremer amerekodi ya mtunzi Alfred Schnittke, ambamo muziki wa karne ya 20 unachomoza. Wako wanaochukizwa nayo. Isikilize mara mbili kabla hujaamua.

Sehemu ya mwisho, tuni hutoka kwanza kwenye uzi mnene kabisa, kisha hurudi juu sana. Angalia nani anaipa sauti mbili tofauti, na nani anairudia tu.