Sato wa haradali, anavyompika mama mkwe wangu

Ilish humpati Mwanza, usijisumbue. Huyo ni samaki wa baharini anayepanda mito ya Bangladesh na Bengali ya Magharibi kwenda kutaga, na Mbengali akimtaja utadhani anamtaja ndugu yake. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Ma, ni mwenyeji wa Kolkata, India. Alipokuja kukaa nasi Nyamanoro, alizunguka soko la Mwaloni pale Kirumba asubuhi nzima akibonyezabonyeza samaki za watu, mwisho akaamua: sato. Sangara alimkataa kwa mchuzi huu, mnofu wake mnene mno, haradali inaishia juu juu. Kichwa cha sangara ni habari nyingine, nitafika huko.

Chukua sato wa kilo moja hivi, matamvua yawe mekundu. Vijana wanaopaa samaki wamezoea kumwacha mzima na kumchanja ubavuni kwa ajili ya kukaanga, kwa hiyo waambie mapema: akatwe vipande vya kukingama, unene wa vidole viwili, mfupa wa mgongo ubaki ndani. Wabengali hawaogopi miba. Wanakula kwa mkono, wanaitenga kwa vidole na ulimi huku mazungumzo yakiendelea, na mtoto wa ziwani hahitaji kufundishwa hilo. Paka vipande chumvi na kijiko kidogo cha manjano, viache dakika 20.

Haradali ndiyo kazi yenyewe. Unahitaji vijiko vitatu vya chakula vya mbegu, nusu nyeusi na nusu za njano. Katika maduka ya viungo ya Wahindi mjini nyeusi hazikosekani. Ukizikosa za njano tumia nyeusi tupu, ila uchungu utazidi kidogo. Loweka kwa maji ya kawaida dakika 20. Ya moto hapana: ukali wa haradali unatokea pale mbegu inaposagika na kukutana na maji, na joto kali linauzuia usitokee. Mwaga maji hayo, kisha saga mbegu pamoja na pilipili mbichi tatu na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ma hasagi kamwe bila chumvi na pilipili, anasema ndizo zinazozuia uchungu. Kama ni blenda, saga kwa vipindi vifupi na maji kidogo, maana ikizunguka muda mrefu rojo inapata moto na kuwa chungu. Chuja kwa chujio la chai, maganda yabaki juu. Unachotaka ni rojo laini inayochoma pua ukiiinamia.

Mafuta ni ya haradali pia, vijiko vitano vya chakula. Usishtuke ukikuta chupa imeandikwa ni ya kupaka mwilini; baadhi ya nchi zinadai maandishi hayo. Ukiyakosa kabisa tumia ya alizeti, mchuzi utalika, ila Ma hatauita wa kwao. Yapashe mpaka yatoe moshi mwembamba na rangi ipauke, kisha punguza moto. Pitisha samaki dakika moja na nusu kila upande, ashikane tu, asikauke kama wa vibandani. Mtoe. Katika mafuta yaleyale tupia nusu kijiko kidogo cha habasoda na pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa.

Hapo usiweke kitunguu. Wala nyanya, wala kitunguu saumu, wala nazi. Najua mkono unawasha.

Koroga rojo ya haradali kwenye kikombe kimoja cha maji na manjano kidogo, mimina. Ikianza kutokota rudisha samaki, funika, moto mdogo, dakika saba hivi. Mchuzi usichemke kwa fujo. Epua, nyunyiza kijiko cha mafuta mabichi ya haradali, funika tena kidogo kabla ya kupakua.

Sasa sukari. Wazazi wa Ma waliondoka Barisal mwaka 1947 Bengali ilipogawanywa. Upande ule ukawa Pakistani, na mwaka 1971 ukawa Bangladesh. Kolkata wenye asili ya mashariki huitwa Bangal, na wenyeji wa magharibi ni Ghoti. Baba mkwe ni Ghoti, na Ghoti hutia sukari kidogo kwenye mchuzi, jambo ambalo Bangal huliona ni kuharibu chakula. Wamelipeleka mpaka kwenye mpira, Simba na Yanga tupu: shabiki wa East Bengal, klabu ya mwaka 1920, husherehekea kwa ilish, na wa Mohun Bagan, ya mwaka 1889, kwa kambamiti. Mimi sitii sukari, na sababu si ladha. Aliyenifundisha yupo jikoni ananitazama.

Kula na wali mweupe usioungwa. Mama yangu, Mkerewe, anaula kwa ugali wa muhogo. Mara ya kwanza Ma alitazama lile tonge likizama kwenye haradali, akamsogezea bakuli.

Kichwa, kama nilivyoahidi. Minofu ya sangara inakwenda viwandani kisha nje ya nchi, vichwa na mapanki vinabaki kwetu kwa bei ya chini. Ma alipoambiwa bei alidhani anataniwa: kwao kichwa cha samaki mkubwa huwekewa mkwe wa kiume au mgeni wa heshima. Mwombe muuzaji akipasue. Kipake manjano na chumvi, kikaange mpaka kikauke vizuri, kisha kivunjie ndani ya choroko zilizokobolewa, ambazo umezikaanga kavu mpaka zinukie na kuzichemsha na tangawizi na bizari nyembamba. Hapa kitunguu kinaruhusiwa.

Mchuzi wa sato ukilala, usiupashe kwa moto mkali, utakuwa mchungu. Bora loweka kiporo cha wali usiku kwa maji, asubuhi utie chumvi, kitunguu kibichi na pilipili, na mchuzi uule hivyohivyo wa baridi. Wao hukiita panta bhat, na kipindi cha jua kali hakuna kifungua kinywa kinachokishinda.