Kumtambua Botryococcus braunii na kundi lake

Ukitaka kumtambua mwani huyu wa kijani, usikimbilie DNA. Mimi huanza na hadubini: tone moja la maji ya mwani, kioo cha kufunikia juu yake, kisha nabonyeza polepole kwa ncha ya penseli. Kishada cha seli kikiminywa, mafuta hutoka pembeni, matone mang'avu ya duara. Mwani wengi wa kijani huweka mafuta ndani ya seli. Huyu huyajaza nje, baina ya seli, na ndiyo sababu nampenda kuliko wote.

Umbo pekee halitoshi, kwani makundi yake hufanana mno. Pima mafuta kwa kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Kundi A hutoa hidrokaboni (kemikali za kaboni na hidrojeni tu) za mnyororo mrefu, kaboni 23 hadi 33. B hutoa hidrokaboni iitwayo botriokosini. L hutoa hidrokaboni nyingine, likopadieni, yenye kaboni 40.

Sasa soma jeni ya 18S rRNA, inayotumika kulinganisha ukoo wa viumbe. Itamweka kwenye ngeli (daraja la uainishaji wa viumbe) ya Trebouxiophyceae, mbali na Chlamydomonas, mwani mwingine wa kijani aliye katika ngeli ya Chlorophyceae. Kabla ya kutoa DNA, yaondoe mafuta ya nje kwanza, maana husumbua kazi yote inayofuata.