Jinsi ya kulinganisha pikapu za saizi ya kati kwenye maonyesho ya magari Chicago

Kila ikikaribia Februari naanza kupata meseji, fundi nisaidie, nichukue Tacoma au Ranger, na mimi jibu langu ni lilelile kila mwaka, usichukue yoyote kwanza, nenda Chicago ukazikalie. Yale maonyesho ya magari ya Februari yapo tangu 1901, siku hizi kwenye ukumbi wa McCormick Place, na kwa mtu anayetafuta pikapu sijaona sehemu nzuri kuliko pale, manake unakuta Toyota Tacoma, Ford Ranger, Chevrolet Colorado na pacha wake GMC Canyon, Nissan Frontier, Honda Ridgeline na Jeep Gladiator, zote chini ya paa moja, milango wazi, na hakuna mtu wa kukuvuta ofisini usaini karatasi. Kwa dila, yani wakala wa kuuza magari, unaona gari za kampuni moja tu, ukitoka hapo ukaenda kwa dila mwingine kesho kutwa mwili wako umeshasahau kiti cha kwanza kilikuaje. Pale unatoka kwenye hii unaingia kwenye ile ndani ya dakika tano na mgongo bado unakumbuka.

Mimi ni fundi tailizi, naishi Iowa, kwaiyo pikapu yangu asubuhi inabeba mzigo na jioni inabeba watoto. Haya ninayoandika ni kwa mtu wa maisha kama hayo, sio anayetafuta gari ya kupigia picha.

Kwanza kabla hujatoka nyumbani andika kwenye simu vitu unavyobeba kweli, sio vile unavyodhani utabeba siku moja. Watu wangapi, uzito wao, mzigo wa siku ya kawaida, una trela au huna, gereji yako ina urefu gani kwenda ndani. Chukua tepu ya kupimia ile ndogo ya futi 16, vaa viatu laini manake kila kampuni ina eneo lake na utatembea mpaka miguu ilie, na kama unaweza nenda siku ya kazi asubuhi. Jumamosi utapanga foleni kukaa kwenye kiti kimoja afu nyuma yako kuna familia ya watu sita inakusubiri, hutaweza kupima kitu chochote kwa utulivu. Koti zito libaki kwa wanaotunza makoti, ukikaa kwenye gari na koti la baridi kila kiti kitakubana.

Ukifika usikimbilie usukani. Hapo ndo wengi wanapotea, wanakaa mbele, wanashika ngozi nzuri, skrini kubwa, wanatoka wameshaamua. Anza na mlango wa dereva lakini usiingie, ufungue tu utazame kwenye nguzo ya mlango, kuna stika ya matairi na mzigo, ina maandishi yanayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa au pauni kadhaa. Ipige picha. Hiyo namba ni ya gari ileile iliyo mbele yako, na vikorokoro vyake vyote, sio ile namba kubwa ya kwenye tangazo ambayo kwa kawaida ni ya toleo jepesi kuliko yote. Pikapu mbili za jina moja zinaweza kutofautiana mamia ya pauni kwa sababu moja ina four-wheel, matairi makubwa na vyuma vya chini na nyingine haina.

Afu piga hesabu palepale. Tuseme stika inasema pauni 1,200. Baba 200, mama 160, watoto watatu jumla 210, tayari 570 zimeondoka, zimebaki 630. Mfuko wa zege wa Marekani ule mkubwa ni pauni 80, kwaiyo unabeba saba, wa nane umeshazidisha. Na kama unavuta trela ya pauni 3,000, ile pua ya trela inakaa juu ya gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, yani pauni 300 hadi 450, nazo zinatoka kwenye zilezile 630. Nina rafiki alinunua pikapu kwa kusikia inavuta pauni elfu saba na kitu, akafunga trela, akajaza familia, akaweka na vifaa vyake nyuma, gari ikakaa matako chini taa zinaangaza matawi ya miti. Uwezo wa kuvuta alikuwa nao, uwezo wa kubeba ulikuwa umeisha zamani. Ndo maana kwangu hii stika inakuja kabla ya injini, kabla ya rangi, kabla ya kila kitu.

Stika ya pili iko kwenye kioo, ile ya bei. Ni sheria ya mwaka 1958, ilisukumwa na seneta Monroney wa Oklahoma, na mpaka leo unaikuta kwenye gari mpya. Soma kuanzia chini, kuna gharama ya kusafirisha gari ambayo siku hizi ni kama dola 1,500 au zaidi na haimo kwenye bei ya matangazo, kuna mafuta inavyokula mjini na barabara kuu, kuna asilimia ya vipuri vilivyotoka Marekani na Kanada na sehemu ilipounganishwa. Na ujue pikapu wanazoleta pale mara nyingi ni matoleo ya juu. Tacoma ya chini huanzia kama dola 32,000 lakini ile inayong'aa kwenye zulia inaweza kupita 60,000, kwaiyo kila ukipenda kitu muulize yule mhudumu, hiki kinakuja kwenye toleo gani la chini kabisa. Wale wahudumu wengi hawauzi gari, hawalipwi kwa kukushawishi, wanajua mambo na wanajibu vizuri ukiwauliza swali la maana.

Sasa kiti cha nyuma. Kaa kwanza mbele, rekebisha kiti unavyoendesha wewe, afu toka ukakae nyuma ya kiti chako mwenyewe bila kukisogeza. Magoti yanagusa? Kichwa je? Unaweza kukaa hivo masaa mawili? Kwenye makaratasi Gladiator ina inchi 38.3 za miguu nyuma na Frontier ya milango minne ina 33.2, tofauti ya inchi tano, na hizo inchi tano ukizikalia utazielewa bila kuelezwa na mtu. Ridgeline iko 36.7, Tacoma 33.7. Kama una mtoto wa kiti cha gari, pima nafasi kutoka mgongo wa kiti mpaka kiti cha mbele, vile viti vya kutazama nyuma vinakula nafasi vibaya sana na anayeumia ni abiria wa mbele. Inua na viti vya nyuma uone chini kuna nini. Kwenye Tacoma ya haibridi betri imekaa hapo chini ya kiti, kwaiyo sehemu ya kuficha vifaa unaikosa, na Tacoma ya XtraCab haina kabisa kiti cha nyuma, ni sehemu ya mizigo tu. Ridgeline makalio ya kiti yanapanda juu na sakafu inabaki tambarare, unaingiza hata baiskeli ya mtoto.

Bodi la nyuma, lile la kubebea mzigo, ndo pa kutumia muda mrefu. Pima urefu kutoka sakafu ya ukumbi mpaka usawa wa bodi mlango ukiwa chini, hiyo ndo kazi ya mgongo wako kila siku, kama unanyanyua boksi za tailizi inchi tatu ni nyingi. Pima upana kati ya vile vibonge vya matairi kwa ndani. Plaiwudi ya Marekani ni futi 4 kwa 8, yani inchi 48 upana, kama haienei hapo basi itakaa imeinama juu ya vibonge, na Ridgeline ina 50 hivi, inalala flati bila shida. Pima na urefu, nyingi ni futi tano na kidogo, Tacoma na Frontier unaweza kupata ya futi sita, Colorado ya sasa inakuja na kebini moja na bodi moja tu. Funga na ufungue mlango wa bodi kwa mkono mmoja, mwambie na mkeo au kijana wako afungue, sio wote wana mikono ya fundi. Hesabu ndoano za kufungia kamba, uzivute kwa nguvu. Angalia kama kuna soketi ya umeme na taa.

Humo kwenye bodi kila kampuni imeweka akili yake na mimi napenda sana kuziangalia. Ridgeline ina buti chini ya sakafu ya bodi, inafungwa na ufunguo, ina kizibo cha kutolea maji, na mlango wake unafunguka kushuka chini au kwenda pembeni kama wa nyumba. Colorado unaweza kuipata na sehemu ya kuhifadhi vitu ndani ya mlango wenyewe wa bodi. Ranger ina kidaraja nyuma ya tairi ya nyuma cha kukanyaga ukitaka kufikia mzigo wa pembeni. Panda kwenye hicho kidaraja, panda kweli, usiogope, magari yako pale kwa ajili hiyo.

Baada ya hapo ndo kaa kwenye usukani. Angalia boneti inakuficha nini mbele, geuza shingo uone kona ya nyuma, angalia vioo. Ukitoka kwenye Gladiator ukaingia Ridgeline utaona tofauti ya mtu aliyekaa kwenye jipu na aliyekaa kwenye gari ya familia. Afu vaa glovu zako za baridi ujaribu kuwasha hita, kuongeza sauti, kuwasha taa. Naongea kwa uchungu kidogo hapa, sisi tunaoishi huku kwenye barafu tunahitaji swichi za kushika kwa mkono. Colorado ilipotoka upya 2023 waliweka mpaka swichi ya taa kubwa ndani ya skrini, kuna watu hawajali kabisa na kuna watu wanachukia, wewe jaribu ujue uko upande gani.

Piga magoti uangalie chini. Hapo utaona Ridgeline haina chesesi ya vyuma viwili virefu kama wenzake, mwili na chini ni kitu kimoja kama gari ndogo, ndo maana inatulia barabarani lakini kuvuta inaishia pauni 5,000. Tacoma inafika kama 6,500, Ranger 7,500, Colorado na Gladiator mpaka 7,700 ukichukua toleo linalohusika. Angalia spea tairi inashukaje, bomba la moshi limekaa wapi, kuna bamba za kukinga injini au plastiki tu. Gladiator ina mhimili mzima mbele na nyuma, kwa anayepanda miamba ni raha, kwa anayekwenda kazini barabara kuu maili 40 kila siku afikirie vizuri.

Injini sitakaa sana manake pale huiwashi. Frontier ina V6, yani silinda sita, ya lita 3.8 isiyo na tabo, nguvu za farasi 310. Colorado ina tabo ya lita 2.7 nayo 310 lakini inavuta kwa nguvu zaidi kutoka chini. Ranger inaanza na 270, Ridgeline 280, Gladiator 285, Tacoma nyingi 278 na ya haibridi 326. Zote zinatosha kwa mtu wa kawaida, kweli kabisa.

Wale mliozoea Hilux nyumbani mtaitafuta pale na hamtaiona. Marekani ina ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu za kutoka nje tangu 1964, ulianza na ugomvi wa kuku na nchi za Ulaya mpaka leo watu wanauita kodi ya kuku, na Toyota ikawatengenezea watu wa huku Tacoma kuanzia 1995. Na ndugu zangu Wakenya mnaoniuliza kama mtaitumia huku kisha mrudi nayo nyumbani, usukani uko kushoto, Kenya haisajili gari za usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na iliyozidi miaka minane haiingii, kwaiyo nunua kwa maisha ya huku.

Namna ya kuweka kumbukumbu: kwa kila gari piga picha tano kwa mpangilio uleule, stika ya kioo, stika ya mlango, tepu kwenye kiti cha nyuma, tepu kwenye bodi, deshibodi. Ukichanganya mpangilio ukifika nyumbani hujui bodi hili ni la nani. Andika maneno mawili tu palepale, mfano magoti yamegusa, mlango mzito. Ukimaliza zote kaa chini ule, pumzika, afu zunguka tena kwa kurudi nyuma, ya mwisho iwe ya kwanza. Ya kwanza huwa inaonekana mbaya au nzuri kupita kiasi kwa sababu hukuwa na cha kulinganisha, na mara zote mbili nilizoenda mzunguko wa pili umenibadilishia mawazo.

Mule ndani kuna miaka wanakuwa na vibarabara vya kuonyesha gari inavyopanda, dereva wao anakuendesha kwenye mlima wa mbao na mawe. Panda, ni raha na watoto watafurahi, ila usikihesabu kama kipimo, huwezi kusikia upepo wa maili 70 pale, huwezi kujua giaboksi inabadilishaje ukiwa na mzigo. Kazi ya siku hiyo ni kutoka na pikapu saba kubaki na mbili. Hizo mbili ndo unaenda nazo kwa dila wiki inayofuata, na ukifika omba toleo lilelile unalotaka kununua, fungua mlango usome tena ile stika, weka familia yote ndani, na kabla ya barabara kuu mwombe upite kwenye mtaa mbovu wenye mashimo, bodi likiwa tupu, manake pikapu isiyo na mzigo ndo inaruka kuliko zote na siku nyingi utaiendesha hivo.