Somo: kuchagua laptopu ya kudizaini websaiti, anza na kioo kabla ya prosesa

Wadau habari zenu. Nimeamua kuandika hili somo maana maswali ya "ninunue laptopu gani nianze kudizaini websaiti" yamekuwa mengi, na karibu kila anayeuliza unakuta kashaamua kichwani kwamba anataka i7 (prosesa ya Intel ya daraja la juu) na kadi ya grafiksi kubwa. Naomba leo tupange upya. Kwa kazi yetu hii kioo ndo kinatangulia, inafuata RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), halafu diski, prosesa inakuja ya nne, na kadi ya grafiksi wengi wetu wala hatuna kazi nayo. Kazi yetu ni ya macho, kama kioo kinakudanganya hata prosesa iwe na nguvu vipi utadanganyika kwa haraka tu.

Hatua ya 1: andika unachofungua kwa siku

Chukua karatasi uandike programu zote zinazokuwa wazi kwa wakati mmoja ukiwa kazini. Yangu inakuwa hivi: Figma (programu ya kuchora dizaini) ndani ya brauza, VS Code (ya kuandikia kodi), Chrome yenye kurasa kama 20, seva ya ndani ya kujaribia websaiti, Photoshop mara moja moja ya kukata picha, na WhatsApp maana mteja hachoki kutuma mabadiliko. Ukiangalia hiyo orodha hakuna kitu kinachotaka mashine ya geimu, ila vyote kwa pamoja vinakula RAM na vinataka nafasi kwenye kioo.

Hatua ya 2: kioo (hapa tukae kidogo)

Laptopu yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa na kioo cha TN, hivi ambavyo ukikiinamisha kidogo rangi zinapauka au zinageuka. Nilikuwa natengeneza ukurasa wenye viboksi vya kijivu hafifu juu ya nyeupe, nikaweka #F5F5F5 (namba ya kijivu karibu na nyeupe), kwenye kioo changu havikuonekana kabisa, nikawa naongeza kijivu kidogo kidogo mpaka nikavifikisha #DCDCDC ndo nikaviona vizuri, laini, vimetulia. Mteja alipofungua kwenye simu yake akaniuliza kwanini nimemwekea matofali ya saruji. Nilipoiona ile simu nikaelewa, yani wiki nzima nilikuwa narekebisha kasoro ya kioo changu nikidhani ni kasoro ya dizaini.

Kwahiyo tafuta kioo cha IPS, au OLED kama bajeti inaruhusu, aina ambazo rangi zinatulia hata ukikiinamisha. Kwenye maelezo ya laptopu angalia sRGB (kipimo cha rangi za kawaida za wavuti), ikiandikwa karibu 100% hiyo ni nzuri sana kwa kazi ya wavuti. Ukikuta wameandika 45% NTSC (kipimo kingine cha rangi) ujue hicho kioo kinaonyesha kama theluthi mbili hivi tu za rangi za sRGB, nyekundu na kijani zinakuwa zimefifia na huwezi kujua mpaka uweke na kioo kingine pembeni.

Ukubwa kwa pikseli nao usiupuuze. Kioo cha 1366x768 kwenye Figma ni mateso, paneli ya kushoto na ya kulia kila moja inachukua kama pikseli 240, unabaki na chini ya 900 katikati, wakati ukurasa wa kompyuta wengi tunauchora kwa upana wa 1440. Siku nzima unapunguza na kukuza, unapunguza na kukuza. Chukua 1920x1080 kuendelea, na ukipata 1920x1200 ni bora zaidi maana ule urefu wa ziada unaongeza mistari ya kusoma ukiwa unaandika CSS (lugha ya kupangia muonekano wa ukurasa).

Kipimo ninachotumia mimi: tengeneza faili dogo la HTML (lugha ya kuundia ukurasa wa wavuti), ukurasa mweupe, katikati boksi moja la #F5F5F5 na lingine la #EEEEEE, weka kwenye flashi, ukienda kununua fungua kwenye laptopu unayoonyeshwa, ongeza mwanga mpaka mwisho. Uone maboksi yote mawili bila kukodoa macho. Kisha inamisha kioo mbele na nyuma, sogea kushoto na kulia. Kama boksi linapotea ukisogea kidogo tu hiyo laptopu mwachie mwenyewe.

Hatua ya 3: RAM

8GB ni ya kuanzia, 16GB ndo unafanya kazi ukiwa umetulia. RAM ikijaa mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndo unaona kishale cha mausi kinaganda unapotoka VS Code kwenda Chrome. Kabla hujalipa ulizia kama RAM inaongezeka. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, bonyeza kumbukumbu, itakuonyesha sloti ziko ngapi na zilizotumika ngapi. Ukiona maelezo yameandikwa LPDDR, hiyo kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi na huongezi kitu, kwahiyo nunua yenye RAM ya kukutosha miaka yote utakayokuwa nayo.

Hatua ya 4: diski

SSD (diski isiyozunguka), ikiwezekana NVMe, SSD ya kasi zaidi. Usinunue yenye eMMC (hifadhi ya bei rahisi, ya polepole) hata kama ni mpya na inang'aa. Mradi mmoja wa JavaScript unaweza kuwa na folda ya node_modules (inayobeba kodi za wengine ambazo mradi unatumia) yenye makumi ya maelfu ya vifaili vidogo, na diski ya kuzunguka, HDD, inachoka hapo hapo. 256GB inatosha kuanzia, 512GB kama unatunza na picha.

Hatua ya 5: prosesa

Hapa wengi wanauziwa stika. i7-7500U ina kori 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), wakati i5-8250U ya kizazi kinachofuata ina kori 4, kwahiyo hiyo i5 inaipita i7 kwenye kazi nyingi zinazoenda kwa pamoja. Usisome i5 au i7 peke yake, soma namba zinazofuata, zile za mwanzo ndo zinakwambia kizazi. Kwa Intel anzia kizazi cha 8, kwa AMD anzia Ryzen za 3000, chini ya hapo Windows 11 haikutambui rasmi, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiweza kupata ya kizazi cha 11 kupanda ni afadhali. Epuka Celeron, hata mpya.

Hatua ya 6: kama imeshatumika

Betri: fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu na gharama ya betri nyingine. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Izime uiwashe uingie kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), ukikutana na nenosiri usilolijua achana nayo. Na kama ilikuwa ya kampuni hakikisha haijafungwa na mfumo wao wa usimamizi, maana unaweza kuifuta na kuiwekea Windows upya na bado ukiunganisha intaneti ikakuuliza akaunti ya kampuni.

MASWALI YENU

Swali: Mkuu nimepata MacBook Air M1 ya 8GB na nyingine ya Windows i5 kizazi cha 11 yenye 16GB, bei zinakaribiana, nichukue ipi?

Jibu: Kioo cha hiyo Air ni kizuri sana kwa rangi, betri inakaa na haina feni hivyo haipigi kelele. Shida ni hiyo 8GB, haiongezeki kabisa. Kama kazi yako ni Figma na kurasa za HTML na CSS chukua Air. Kama unaendesha Docker (programu ya kuendeshea mifumo ndani ya mashine yako) au seva kadhaa kwa pamoja chukua ya 16GB, ila kwa sharti kioo chake kipite kile kipimo cha maboksi. Kikishindwa rudi kwenye Air.

Swali: kaka mi nina ya zamani RAM 4GB na HDD na sina hela ya kununua nyingine, nikae tu nisubiri?

Jibu: Usisubiri ndugu yangu. Toa HDD weka SSD ya SATA (inayoingia pale pale ilipokuwa HDD), hiyo peke yake utaiona tofauti siku hiyo hiyo, ukiweza ongeza RAM ifike 8GB. Weka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) nyepesi kama Xubuntu au Linux Mint ya Xfce. HTML, CSS na JavaScript unajifunza vizuri tu kwenye mashine hiyo, funga kurasa usizozitumia.

Swali: Laptopu za geimu je? Naona zina nguvu na kioo cha 144Hz.

Jibu: 144Hz ni kasi ya kuonyesha upya picha, haihusiani na usahihi wa rangi, na nyingi za bei ya chini zina kioo cha hiyo 45% NTSC niliyosema. Halafu nzito na betri inaisha upesi. Chukua kama pia unafanya 3D au unahariri video.

Swali: Chromebook?

Jibu: Figma itafungua. Kwa kazi kamili hapana.

Swali: Asante kwa somo mwalimu. Mimi nimeshanunua mwezi uliopita na nimefanya hicho kipimo sasa hivi, boksi la kwanza silioni kabisa. Nimeumia. Kuna namna?

Jibu: Pole sana dada, namna ipo. La kwanza, ukipata nafasi nunua monita ya IPS ya inchi 24, hata iliyotumika, unachomeka kwa HDMI, dizaini unaifanyia huko na kioo cha laptopu unakiachia VS Code. Kwa sasa ambapo huna monita, usichague rangi kwa jicho, chagua kwa namba. Kwenye Chrome bonyeza kulia juu ya maandishi, fungua kikaguzi, bonyeza kile kiboksi kidogo cha rangi kwenye CSS, kitakuonyesha uwiano wa utofauti kati ya maandishi na mandharinyuma. Kwa maandishi ya kawaida usishuke chini ya 4.5 kwa 1, hicho ndo kiwango cha WCAG (miongozo ya wavuti kusomeka na watu wote) ngazi ya AA. Na kila ukimaliza sehemu moja ya ukurasa ifungue kwenye simu yako, ongeza mwanga, iangalie. Leo anza na hilo boksi la #F5F5F5, litazame kwenye simu, halafu usilibadilishe hata kama laptopu inakwambia halipo.