Malipo ya bitkoini dukani: huduma ya kukodi au seva yako?

Kabla hujalinganisha ada, jiulize shilingi utazipata wapi. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliziandikia kampuni zenye leseni ya malipo, ikizikataza kuwezesha ubadilishaji wa sarafu za kidijitali kuwa pesa za simu. Huduma ya kukodi hupendwa kwa sababu inapokea bitkoini na kukutumia pesa za kawaida. Hapa kwetu Uganda sifa hiyo ina kikwazo. Basi kabla ya kupeleka cheti cha usajili wa biashara (URSB) na namba ya kodi (TIN), angalia nchi ambazo huduma hiyo inalipa benki. Kama Uganda haimo, utalipwa bitkoini ileile, nawe umekatwa ada, mara nyingi karibu asilimia 1, kwa kazi ambayo BTCPay Server, programu ya bure ya kupokea bitkoini kwenye seva yako mwenyewe, inaifanya.

Programu ni ya bure, ila seva unalipia. Ukikodi seva kwa dola 20 kwa mwezi, gharama inalingana na ile ada mauzo ya bitkoini yakifika dola 2,000 kwa mwezi. Chini ya hapo, na kama huna mtu wa kuitunza, chukua huduma ya kukodi bila aibu.

Ukiamua seva yako, usiiweke dukani. Umeme ukikatika, malipo nayo yanasimama. Kodi seva yenye RAM ya GB 4 na diski isiyopungua GB 80, uchague mpangilio wa kufuta bloku za zamani, yaani mafungu ya kumbukumbu za miamala ya bitkoini. Kupakua mnyororo wote wa bloku hizo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usitangaze mapema.

Pochi, yaani programu inayotunza funguo za bitkoini zako, itengeneze kwenye kifaa kingine, maneno yake 12 au 24 ya kuirejesha uyaandike kwenye karatasi, kisha seva uipe ufunguo wa umma tu, ule unaoanza na xpub au zpub. Mwizi akiingia hawezi kutoa akiba, ingawa anaweza kubadilisha anwani za malipo yajayo.

Linalotisha wengi ni hili: seva inaonyesha umelipwa, pochi ya simu inasema sifuri. Pesa haijapotea. Kila ankara hupewa anwani mpya, na pochi nyingi huacha kutafuta zikikuta anwani 20 mfululizo zisizo na kitu. Wateja 25 wakiacha oda bila kulipa, wa 26 haonekani. Ongeza kikomo hicho kwenye pochi hadi 100 au zaidi.

Lightning, mtandao wa malipo ya haraka ya bitkoini kupitia chaneli kati ya watu wawili, iache kwanza. Funguo zake hukaa kwenye seva, na ukirudisha nakala ya zamani ya chaneli, uliyeunganishwa naye anaweza kuchukua salio lote.

Kwa bidhaa kama simu, ambayo mteja anaondoka nayo papo hapo, subiri uthibitisho 1, yaani malipo yaingizwe kwenye bloku, wastani wa dakika 10. Kwa mzigo mkubwa subiri 6. Kisha jaribu mwenyewe: lipa ankara ndogo, nyingine iache ipitwe na dakika zake 15 ndipo uilipe, uone mfumo unaiandikaje.