Hailaksi ya Dizeli ya Zamani: Toa Maji Kabla ya Kulaumu Pampu

Injini za Toyota za 2L na 3L, zilizo kwenye Hilux nyingi za zamani, huvumilia mengi lakini si maji. Pampu yake ya kusukuma dizeli haina oili ya peke yake. Hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani. Maji yakiingia, au dizeli iliyotiwa mafuta taa, vyuma vyake husagana vikavu. Dizeli ya mtungi kando ya barabara ni rahisi siku ya kununua tu.

Na Mombasa maji hayangoji mvua. Tangi likilala nusu, hewa ya pwani iliyomo ndani hupoa usiku, ikatoa matone yanayozama chini ya dizeli. Jaza tangi jioni, si asubuhi. Wenye boti zinazokaa wiki nzima bila kutoka wana shida zaidi: hapo maji yanapokutana na dizeli huota ute mweusi wa vijidudu, ukaziba filta. Dizeli ya akiba isiwekwe kwenye pipa la mabati, maana zinki haipatani nayo.

Mara moja kwa wiki, kabla ya kupiga stata, legeza skrubu iliyo chini ya filta na ukinge kwa chupa ya kioo. Bonyeza pampu ya mkono, ile iliyo juu ya filta, mpaka itoke dizeli tupu. Iache chupa itulie: maji yatakaa chini. Ukiyakuta kila wiki, shusha tangi ulioshe.

Filta wengi huibadilisha kila kilomita 10,000. Kwa dizeli ya huku, 5,000 si ubahili wala uoga. Paka mpira wake dizeli, kaza kwa mkono. Ukitaka kuijaza kwanza, mimina kwenye vitundu vya pembeni, kamwe si tundu la katikati, kwani hilo hupeleka dizeli moja kwa moja kwenye pampu bila kuchujwa.

Kisha toa hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Pampu ya mkono ibonyezwe mpaka iwe ngumu. Injini ikigoma, legeza nati za mabomba kwenye nozo (vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini), piga stata kwa sekunde zisizozidi 15, pumzisha betri, rudia mpaka dizeli itoke bila mapovu, halafu kaza. Ikiwa hewa inarudi kila kukicha, tafuta mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu. Hapo hufyonza hewa bila kuvuja tone, ndiyo maana wengi hawapaoni.

Injini ikigonga na kutoa moshi mweusi, angalia filta ya hewa kwanza. Ikiwa safi, iache injini iungurume taratibu, legeza nati ya nozo moja moja. Usipobadilika mlio, umeipata mbovu. Usiweke mkono karibu na mchirizi: dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, na ikipenya ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kidonda kionekane kama tundu la sindano.

Nozo ipimwe kwa mashine: inyunyize ukungu, isidondoshe. Ukiirudisha, weka washa (pete ya kuzibia) mpya. Ya zamani huvujisha mgandamizo.

Skrubu ya kipimo cha dizeli iliyopigwa sili kwenye pampu, iache. Kuifungua kuongeza nguvu ni kuongeza moshi na joto la kuyeyusha pistoni.