Jinsi ya kuchezesha kiputo cha hewa majini kwa mapigo ya volteji kubwa

Hii ni kazi ya maabara jamani, sio ya sebuleni. Tunatumia kilovolti 10, na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme wa mapigo) inabaki na chaji hata ukishazima, kwa hiyo kabla hujapeleka mkono popote gusisha kwenye kapasita fimbo iliyounganishwa ardhini (ati) yenye resista, kipunguza mkondo, na uiache hapohapo. Usifanye peke yako.

Kwanza maji. Ya bomba achana nayo, yanapitisha umeme mno, pigo linaishia kuyapasha moto tu na kuzalisha viputo vingine kwenye bati zinazopeleka umeme majini. Tafuta maji yaliyotolewa ayoni, yani chembe zinazopitisha umeme, pima upitishaji wake, yakiwa chini ya maikrosimensi 5 kwa sentimita twende kazi.

Pili funga bati mbili za chuma cha pua zitazamane, pengo sentimita 1, kingo umezisugua zikawa za mviringo.

Tatu kiputo chenyewe, hapa ndo wengi wanakwama. Ukikiachia kinapanda kama sentimita 25 kwa sekunde, yani kinapita kati ya bati hata hujakaza jicho. Kishikilie kwenye ncha ya mrija mwembamba wa kioo au plastiki unaotokea chini, sukuma hewa kwa sirinji taratibuuu mpaka kifike upana wa milimita 2. Sindano ya chuma hapana, inavuruga uga wote wa umeme, yani nguvu ya umeme iliyotanda kati ya bati.

Nne, peleka kwenye bati mapigo ya maikrosekunde 50 kila moja. Ukipiga moja moja huoni kitu, pigo limeisha na kiputo ndo kwanza kinaanza kusogea. Ila kiputo cha saizi hiyo kina mdundo wake wa kurefuka na kubonyea, karibu mara 150 kwa sekunde, sasa mapigo yakija kwa mwendo huohuo kila moja linaongezea juu ya lililopita, kama unavyosukuma mtoto kwenye bembea. Anzia mapigo 100 kwa sekunde panda polepole hadi 200 maana mrija unabadilisha mdundo kidogo. Kiputo kikiwa kipana mara mbili shuka hadi mapigo 50 hivi.

Rekodi na simu yenye fremu 960 kwa sekunde, taa iwe nyuma na karatasi nyeupe mbele ya taa. Utakiona kinavutika kuelekea bati zote mbili.

Ukipandisha kupita kilovolti 20 hadithi inabadilika, uga ndani ya kiputo ni mara 1.5 ya ule wa majini na hewa inavunjika (inaanza kupitisha umeme) mapema kuliko maji, kwa hiyo cheche ya zambarau inawaka mlemle ndani na ozoni, gesi inayodhuru mapafu, inaanza kutoka, washa feni. Mwanga ukitokea mapema kuliko hapo, zima, toa chaji, kakague kingo za bati.